Gunia la Mapambo ya Noeli

Zaituni mwanangu,

Mambo ya sweta, ya dawa za malaria na ya kutokaa karibu na dirisha la basi ameshakuambia shangazi yako, na ameyarudia mpaka masikio yako yamechoka. Mimi siyagusi. Nimekaa hapa atelie, kwenye karakana yetu, alasiri imeshaswaliwa, umeme umekatika tangu asubuhi na mashine imelala. Nakusikia huko uani ukicheka na bibi yako juu ya begi ambalo zipu yake haifungi. Ningeweza kukuita nikuambie haya uso kwa uso. Tangu juzi nimekuita mara mbili, ukaja, na mara zote mbili nikakutuma kiberiti. Ndiyo maana naandika.

Barua hii itakuwa kwa shangazi yako, atakayekusindikiza mpaka Ngara na kurudi. Nimemwapisha asikupe mpaka mmevuka daraja la Rusumo na mko upande wa Tanzania. Usimlaumu. Nakujua wewe. Ukiisoma hapa mtaani Gitega utafungua begi, utatoa nguo moja moja, na kesho hakuna mtu atakayekupandisha basi pale Nyabugogo. Na mimi nataka upande. Kwa hiyo hata leo, siku niliyoamua kusema kweli, nimeanza na ujanja. Ndivyo nilivyo, utaona.

Unakwenda kuishi Ngara, kwa Faustini. Miaka tisa alisimama kwenye mashine hii ya kukereza, bega kwa bega na mimi, na wewe hukuwahi kumwita fundi. Ulimwita tonto, yaani mjomba, tangu meno yako hayajatimia. Mimi nilikuwa mwenye mashine, yeye alikuwa mwenye mikono. Hilo sikulisema mbele ya mteja hata mmoja. Mteja akisifu kazi, sifa napokea mimi, Faustini yuko nyuma anafagia maranda. Hakuwahi kununa. Mtu asiyenuna anakuzoesha vibaya, mwanangu, unaanza kudhani hana kitu cha kununia.

Mtaa ulitucheka sana kwa ajili ya yale mapambo. Hamadi, Mwislamu, mtu wa kufunga Ramadhani, ndiye anayewatengenezea Wakristo Noeli yao! Yule mama wa sambusa pale kona alinipachika jina la Baba Noeli, na wateja wengine wakaja kuniulizia kwa jina hilo hilo. Nilikuwa najifanya nakasirika. Kwa kweli nilipenda. Ilikuwa kazi nzuri kuliko miguu ya vitanda na miiko ya ugali, na hakuna mtu mwingine Kigali aliyekuwa anaiweza.

Acha niiandike ingawa unaijua, maana nikiiandika mkono unatulia. Unachukua mbao mbili, libuyu nyekundu kutoka Zaire na sipure nyeupe ya hapa hapa. Unakata vipande kumi na viwili, vidogo kama kidole gumba, kila kimoja kimelazwa pembe kidogo kila upande. Unavipanga, chekundu, cheupe, chekundu, cheupe, mpaka vinafunga pete. Gundi, kisha unazungusha ukanda wa mpira wa tyubu kuu kuu ya gari, unavuta mpaka gundi inatoka jasho. Unaacha wiki nzima. Pete saba za ukubwa tofauti unazibandika moja juu ya nyingine, unaacha tena wiki nzima, ndipo unafunga kwenye mashine na kukereza mpaka inakuwa tufe, kiasi cha ngumi. Halafu unaingiza bobari, patasi nyembamba ya kuchimbia, kwa tundu la chini, unachimba ndani liwe tupu, jepesi, lisilaze tawi la mti wa Noeli. Mwisho ni nta ya nyuki na kitambaa. Kwa sababu ya kungoja gundi, kazi ya Desemba tulikuwa tunaianza Septemba, na Oktoba nyumba imejaa matufe ambayo hayajamalizika, hayana nta, hayana kitanzi, yana tundu tu.

Sasa, ile pembe. Ukikosea unene wa unywele mmoja kwenye kila kipande, hutaona kosa kwenye cha kwanza wala cha tano. Utaliona kwenye cha kumi na mbili, hakiingii, au kinaingia na kuacha ufa. Faustini akiona ufa alikuwa anavunja pete yote na kuanza upya. Mimi nilikuwa nachukua unga wa msumeno, nachanganya na gundi, naziba. Nikipaka nta huoni. Miaka mingapi nimeziba, na watu wamepeleka kazi yangu Ulaya wakaning'iniza kwenye miti yao, sina habari yao.

Kovu lako la juu ya jicho unajua lilitoka wapi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umesimama pembeni ya mashine, na tufe likapasuka likizunguka, kipande kikakurukia. Nilikuambia ubao ulikuwa mbichi. Haukuwa mbichi. Lilikuwa tufe langu, na nilikuwa nimeziba pete mbili. Faustini aliokota vipande chini, akavigeuza, akaona unga wa msumeno kwenye ufa. Alinitazama. Kisha akakuambia na yeye kwamba mbao za msimu ule zilikuwa mbichi, na akakubeba mpaka dispensari huku damu inamwagikia shati lake. Usiku ule nililala vizuri kabisa. Nakuambia hili ili ujue kwamba alishawahi kunifichia aibu, na nilimwacha anifichie.

Baada ya hapo ndipo akaanza kukufundisha. Alisema mtoto aliyeumizwa na mashine aishike mashine, la sivyo atakuwa anaiogopa maisha yote. Mimi nilikataa, nikasema msichana na bobari wapi na wapi. Mlinipuuza wote wawili. Ulipofika miaka kumi na mitatu ulikuwa unakereza tufe mwenyewe tangu mwanzo mpaka tundu, na pete zako zilikuwa zinafunga kuliko zangu.

Ikaja Oktoba ya mwaka wa tisini. Vita ilikuwa imeanza huko mpakani, na ule usiku wa milio ya bunduki mjini uliulalia chini ya kitanda cha bibi. Kulipokucha wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha na watu waliowaita ibyitso, yaani wasaidizi wa adui. Kwetu walifika kama saa nne. Askari watatu, na mtu mmoja wa mtaa wa kuwaonyesha milango. Wewe na bibi mlikuwa jikoni, mlango umefungwa. Mimi na Faustini tulikuwa hapa hapa nilipokaa.

Walipindua kila kitu, wakafika kwenye gunia. Unalikumbuka, lile la mkaa, lilikuwa kwenye kona ya dirisha. Ndani mlikuwa na matufe thelathini na kitu, yamechimbwa, yana tundu, hayana kitanzi. Askari mmoja akatoa moja, akalipima mkononi, akalitikisa sikioni. Unga uliobaki ndani ukachakarika. Akarudi hatua mbili nyuma. Kwanza sikuelewa, nikataka hata kucheka. Kisha nikaona anavyolishika, kwa ncha za vidole, na nikaelewa anadhani ameshika bomu la mkono. Kitu cha mviringo, kiasi cha ngumi, kina tundu, na viko thelathini ndani ya gunia, wiki ile.

Akauliza ni vya nani.

Zaituni, nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningesema ni mapambo ya Noeli. Ningewasha mashine nikakereza moja mbele yao, umeme ulikuwepo. Ningelipasua moja kwa nyundo waone ni mbao tupu. Ningesema ni vyetu, tunavifanya pamoja miaka yote, muulizeni mama wa sambusa. Dantite yangu, kile kitambulisho cha serikali, inasema Mhutu, ingawa babu yangu alitoka Ujiji na neno hilo alilikuta hapa, na siku ile mtu mwenye dantite kama yangu alikuwa anasikilizwa, hata kama ni kwa dakika moja. Dantite ya Faustini inasema Mtutsi. Nilijua hilo, na askari alikuwa anazo zote mbili mkononi.

Nilisema, "Mimi nakodisha mashine tu. Hivyo ni vya huyu."

Hakuna aliyenishika koo. Hakuna aliyeninyooshea bunduki. Maneno yalitoka yamenyooka kama niliyakariri.

Faustini alikuwa bado amevaa aproni. Hakunitazama mimi. Alitazama mlango wa jikoni, nina hakika, kwa sababu kwenye gunia lile mlikuwa na matufe yako mawili, yenye ile mistari miwili uliyopenda kuchora kiunoni. Askari akamuuliza nani mwingine anavitengeneza. Akajibu, "Ni vyangu vyote." Wakamchukua na gunia lake.

Miaka yote hii nimejiambia nilisema vile kwa ajili yako. Kwamba kama ningesema ni vyetu wangefungua mlango wa jikoni, wangekuta na wewe. Nimeirudia hadithi hiyo mpaka ikawa na mikono na miguu. Lakini ni uongo. Wakati natamka maneno yale sikukufikiria wewe wala bibi. Nilifikiria ngozi yangu. Aliyekufikiria wewe ni yeye.

Ulipotoka jikoni ukauliza tonto yuko wapi, nikasema ameitwa kutoa maelezo kidogo, jioni atarudi. Ulimwekea chakula. Ulikiweka chini ya sinia siku tatu mpaka bibi akakimwaga. Kutoka Oktoba mpaka Aprili sikwenda kumuulizia hata mara moja. Mkewe ndiye aliyekuwa anakwenda, anapeleka chakula langoni, anarudi hajui kama kimefika. Alikuwa akipita hapa mbele, ananisalimu, na mimi nawasha mashine ili nisisikie vizuri. Nilikereza miguu ya vitanda mwaka mzima. Noeli ile hatukuuza pambo hata moja, na nikawaambia watu biashara imeharibiwa na vita.

Walimwachia Aprili. Ulikuwa shuleni asubuhi aliyoingia hapa mara ya kwanza. Alikuwa amebaki nusu yake. Nilianza kusema sana, kuhusu mbao, kuhusu gundi mpya, kuhusu mvua. Aliniacha niseme. Akaenda kwenye mashine, akachukua bobari yake, akaishika kwa mkono wa kulia, na nikaona vidole viwili vya mwisho havikunji. Vilikuwa vimesimama tu. Alijaribu kuishika kwa namna nyingine, na nyingine. Kisha akaiweka mezani taratibu kama kitu cha mtu mwingine. Nilimwambia vidole hupona. Sikuomba radhi, Zaituni. Nilikuwa na asubuhi nzima, mlango umefungwa, sisi wawili tu, na nikazungumzia mvua.

Wewe ulipomuuliza mkono umepatwa na nini alikuambia ameangukiwa na ubao. Unaona? Tena. Mwezi uliofuata wakahama, yeye na mkewe, wakaenda Ngara. Mimi nikakuambia amepata kazi nzuri ya useremala kwa wamisionari, na ukanilaumu kwamba sikumzuia. Ulinilaumu kwa kosa ambalo sikulifanya, nikalipokea kwa furaha.

Sasa kuhusu dantite yako. Hili nalo ni langu. Mimi na mama yako, Mungu amrehemu, tulioana kwa sheikh. Mahari ilitolewa, watu wakala pilau, yakaisha. Kwenda kuandikisha ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali, sikwenda. Watu wengi wa mtaa wetu hatukwenda, tulisema ndoa ni ya Mungu, karani anahusikaje. Mama yako aliniambia mwaka wa kwanza, akaniambia na wa pili, nikamwambia wiki ijayo. Ulipozaliwa, karani akakuandika mtoto wa mama yako, kwa ukoo wa mama yako, na ulipofika umri wa dantite wakapiga mhuri neno Mtutsi. Sina shida na neno hilo. Mama yako alikuwa nalo na nilimpenda mpaka tukamzika. Lakini nimeishi miaka hii yote na karatasi moja ya kinga mfukoni, na wewe nilikunyima, kwa uvivu wa kupanda kilima cha komini asubuhi moja. Mwaka jana nilikwenda kuomba warekebishe. Karani mpya alicheka kidogo tu, akanirudishia makaratasi.

Wiki mbili zilizopita wale vijana wa bariyeri, wanaofunga barabara, waliishika dantite yako. Hukuniambia walisema nini. Ulirudi nyumbani, ukaanza kuosha sufuria, na ukaiosha sufuria hiyo hiyo moja mpaka adhana ya magharibi. Nilisimama mlangoni nikikutazama mgongo. Pale ndipo nilipoisha, mwanangu. Sina neno lingine. Zamani nilikuwa nadhani mambo yatatulia, watu wametia saini amani, redio imesema hivi na vile. Sasa sidhani kitu. Nikiwaza mwezi ujao naona giza tu, na ndani ya giza hilo sitaki uwemo.

Kwa hiyo nikatuma neno kwa Faustini. Sikuwa na mtu mwingine ng'ambo. Nilimpa ujumbe dereva mmoja wa lori anayekwenda Ngara, nikamwambia amwombe atupokee, wewe na mimi na bibi, hata kwenye banda. Ndiyo, nilijiweka na mimi. Nilithubutu. Dereva akarudi baada ya siku tano, na wewe ulimwona, ulimpa chai. Nilitoka naye nje nikarudi nikakuambia Faustini amefurahi, amesema karibuni wote, ila mimi siwezi kumwacha bibi na mashine.

Wiki hii umeniuliza mara tatu kwa nini nisije. Bibi anaweza kukaa Masaka kwa shangazi, umesema, na mashine ni chuma, haitaniulizia. Una haki kabisa. Nilikufokea, nikasema huelewi maana ya kazi. Ukatoka ukiwa umejiinamia, na nilikuona ukijifuta macho na kanga ya bibi.

Dereva alipotoka nje alitazama matairi ya lori lake muda mrefu kabla ya kusema. Ni mtu mzima, alikuwa anaona haya kwa niaba yangu. Faustini hakuuliza hali yangu. Alisema, "Mtoto aje, ni wangu. Baba yake abaki." Basi.

Kwa hiyo usifikiri nimeichagua mashine nikakuacha wewe. Na usifikiri nimebaki kwa ushujaa, kulinda nyumba. Nimebaki kwa sababu mlango wa pekee ulioko ni wa mtu niliyemuuza, na ameufungua kiasi cha kukupitisha wewe. Ni haki yake. Nimejaribu kumkasirikia siku hizi zote na sijaweza.

Sasa uko ng'ambo na umeshajua. Najua tabia yako, utataka kurudi, ama unililie, ama unitukane mbele ya macho yangu. Yote ni sawa, lakini usirudi. Nichukie ukiwa Ngara. Utakapofika kwake utaona mkono ule mezani kila siku mnapokula, na safari hii utajua ubao gani ulimwangukia. Sitakuambia umtendee vipi. Yeye ndiye aliyekulea sehemu ya kuleleka, mimi nilibaki na sehemu ya kufokafoka. Kama ana mashine, au akipata, nadhani atahitaji mikono. Yako anaijua.

Usimwombe anisamehe. Hilo nakukataza, na ni katazo la pekee kwenye barua hii. Utajisikia vibaya kwa ajili yangu, utatafuta saa nzuri, amekula, amecheka, na utaanza, tonto, baba anasema. Mimi sisemi. Nilikuwa na asubuhi nzima ya Aprili na sikusema, siwezi kukutuma wewe na mzigo huo mpaka kwenye sahani yake.

Nimekuandikia barua nyingi za kupeleka kwa watu tangu ujue kutembea, na zote ziliishia kwa salamu: msalimie mzee, msalimie mama, wape watoto mkono. Leo namsalimu mkewe tu, kama atapokea. Wewe, Zaituni, nakuaga na roho yangu yote, mtoto mzuri kuliko nilivyostahili. Ukifika mlangoni kwa Faustini, usiseme baba anakusalimu. Taja jina lako, uingie ndani. Akikuuliza habari zangu, mwambie nipo.

Asipouliza, usinitaje.

Baba yako,
Hamadi